Taa Huonyesha Amri, Haionyeshi Tendo

Katika masomo yetu ya fizikia, taa ndogo ya umeme hutumiwa tangu mwanzo kama shahidi. Ikiwaka, mwanafunzi huambiwa kwamba mkondo unapita. Ikizimika, kwamba mkondo umekatika. Mafundisho hayo ni sahihi. Kosa huja baadaye, mwanafunzi huyo akishakuwa fundi au mhandisi, anapoitazama taa iliyo mbele yake na kudhani kwamba inampa habari za mtambo mzima, ilhali taa yenyewe haijui ila habari za waya uliounganishwa nayo. Maoni yangu ni kwamba tofauti hii yafaa kufundishwa waziwazi katika shule za sekondari. Mfano ninaoupendekeza ni wa kitu kidogo: swichi na taa ya ovadraivu katika magari ya zamani ya spoti ya Kiingereza.

Magari hayo, kama vile Austin-Healey 3000, Triumph TR4 na MGB iliyotengenezwa Abingdon kati ya 1962 na 1980, yalikuwa na gia nne za kwenda mbele. Katika safari ndefu injini ilizunguka kwa kasi kubwa, ikapiga kelele na kula petroli nyingi. Dawa yake ilikuwa ovadraivu ya Laycock de Normanville, iliyofungwa nyuma ya giaboksi. Ndani yake mna gia ya kati iitwayo jua, gia ndogo ziizungukazo ziitwazo sayari, na gia ya nje yenye umbo la pete. Dereva akibonyeza swichi, umeme huenda kwenye solenoidi. Solenoidi hufungua vali. Mafuta yenye shinikizo kubwa husukuma klachi yenye umbo la pia. Klachi hiyo huishika gia ya jua isizunguke. Hapo pete, ambayo ndiyo ipelekayo nguvu kwenye magurudumu, huzunguka upesi kuliko mhimili utokao kwenye giaboksi. Uwiano ukiwa 0.82, injini iliyokuwa ikizunguka mara 3,000 kwa dakika katika gia ya nne hushuka hadi mara 2,460, na mwendo wa gari hubaki uleule.

Msomaji na ahesabu hatua zilizopo kati ya kidole cha dereva na magurudumu: swichi, waya, solenoidi, vali, mafuta, klachi, gia. Kila hatua yaweza kushindwa peke yake. Zaidi ya hayo, iko swichi ya pili iliyofungwa juu ya giaboksi, ambayo hukamilisha njia ya umeme katika gia za juu tu. Swichi hii ya kuzuia haikuwekwa bure. Gari likirudishwa nyuma huku ovadraivu imeshika, klachi ya ndani iliyoundwa kuzunguka upande mmoja tu yaweza kuvunjika, na mtambo mzima kuharibika.

Mengi kati ya magari haya yalitoka kiwandani bila taa ya kumjulisha dereva kwamba ovadraivu imeingia. Wenye kuyatunza siku hizi hupenda kuiongeza wenyewe. Iunganishwe wapi? Hapa ndipo somo lilipo.

Wa kwanza huiunganisha kwenye swichi ya dereva, kwa kuwa nyaya ziko karibu na kazi ni nyepesi. Taa hiyo itawaka hata gari likiwa katika gia ya kwanza, wakati swichi ya giaboksi imeuzuia umeme usifike popote. Inachosema ni kwamba dereva amebonyeza swichi, jambo ambalo dereva analijua tayari.

Wa pili huiweka taa katika mfululizo na solenoidi, akifikiri kwamba mkondo ule ule utapita kote. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kumwonya kwa hesabu fupi. Taa ya volti 12 na wati 2.2 hupitisha kiasi cha amperi 0.18 tu, hali solenoidi ya ovadraivu aina ya J huhitaji takriban amperi 2. Taa itawaka vizuri, na kwa sababu ya taa hiyo hiyo ovadraivu haitaingia kamwe.

Wa tatu huiunganisha sambamba na solenoidi, baada ya swichi ya giaboksi. Hii ndiyo njia bora kati ya hizo tatu, nami naiunga mkono. Taa itawaka pale tu amri itakapokuwa imepita vizuizi vyote viwili. Hata hivyo, waya ukikatika baina ya kiungo cha taa na solenoidi, taa itaendelea kuwaka. Vali ikiziba kwa uchafu, itawaka. Mafuta yakipungua hata klachi isishike, itawaka vilevile.

Katika magari yenye ovadraivu aina ya A jambo hili huwa zito zaidi. Solenoidi yake ina koili mbili: moja ya kuvuta, ambayo kwa kitambo kidogo hunyonya amperi 15 au zaidi, na moja ya kushikilia, itumiayo kama amperi 1. Kwa volti 12, hiyo ni tofauti ya wati 180 na wati 12. Swichi ndogo ya dashibodi haiwezi kubeba mkondo wa kwanza, kwa hiyo huwekwa rilei. Taa ikiunganishwa upande wa koili ya rilei, itatoa habari ya amri iliyofika kwenye rilei. Ikiunganishwa upande wa mguso wake, itatoa habari ya umeme uliotoka kwenda kwenye solenoidi. Kwa macho taa ni ile ile, lakini ushahidi wake umebadilika.

Kinyume chake pia hutokea. MGB za kwanza zilikuwa na upande chanya wa betri uliounganishwa na bodi ya gari, hadi mpango huo ulipogeuzwa mwaka 1967. Taa za kisasa za diodi hupitisha mkondo upande mmoja tu. Fundi asiyelizingatia hilo atapata taa isiyowaka, na ovadraivu ikifanya kazi barabara.

Shahidi wa tendo lenyewe yuko kwingine. Dereva akitazama kipimo cha mzunguko wa injini pamoja na kipimo cha mwendo, na kuona mizunguko ikishuka kutoka 3,000 hadi karibu 2,460 bila mwendo kupungua, hana haja ya kuuliza taa. Amepima matokeo.

Yumkini msomaji ataona kwamba haya ni mambo ya starehe ya watu wachache. Basi na tutazame mahali ambapo kosa la namna hii halikuwa la starehe. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, Marekani, vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka kama ilivyopasa, kisha ikakwama isifunge. Katika chumba cha uendeshaji ilikuwapo taa ya vali hiyo. Taa ilizimika, na wafanyakazi wakaamini kwamba vali imefungwa. Kwa kweli taa ile iliunganishwa na umeme wa solenoidi. Kuzimika kwake kulimaanisha kwamba amri ya kufunga imetolewa. Maji ya kupoza tanuri yaliendelea kutoka kwa zaidi ya saa mbili, na sehemu kubwa ya fueli ya nyuklia ikayeyuka. Baada ya ajali, wakuu wa usalama wa nyuklia wa Marekani walidai kwamba hali ya vali za namna hiyo ionyeshwe kwa kipimo cha vali yenyewe. Mafundi wa kituo kile hawakuwa wajinga. Taa iliwapa jibu la swali ambalo hawakuliuliza.

Wako watakaosema kwamba shule zetu zina shida ya vifaa vya kawaida, na kwamba mwanafunzi hataliona gari la MGB maishani mwake. Nakubali. Lakini ataliona jokofu la chanjo katika zahanati ya kijiji chao. Taa ya kijani mlangoni mwake yaweza kusema tu kwamba umeme unafika, hali ndani joto limekwisha kupanda na chanjo kuharibika. Ndiyo maana mhudumu hutakiwa kusoma kipimajoto na kuandika joto mara mbili kwa siku. Ataona pia pampu ya maji ambayo taa yake yawaka, mota yazunguka, na bombani hakuna tone. Anayejua kuuliza taa imeunganishwa na nini atakwenda kutazama tangi kabla ya kuwaambia watu kwamba maji yapo.

Kwa hiyo napendekeza kwa walimu wenzangu zoezi moja lisilo na gharama kubwa. Chukueni betri, swichi mbili za mfululizo, bolti iliyozungushiwa waya wenye vanishi, kipande cha chuma kilichoning'inizwa karibu nayo, na taa ndogo iliyounganishwa sambamba na koili. Swichi zote mbili zikifungwa, chuma kitavutwa na taa itawaka. Kisha mwanafunzi mmoja akizuie chuma kwa kidole: taa itawaka na chuma hakitasogea. Mwingine akate waya wa koili baada ya kiungo cha taa. Halafu darasa zima liorodheshe kila hali ambamo taa husema uongo, na libuni kipimo cha mwendo wa chuma chenyewe, kwa mfano mguso unaofungwa na chuma kinapofika mwisho wa safari yake. Somo hili huchukua vipindi viwili, na lastahili kuwekewa swali katika mtihani.