Uhaba huzidishwa na hofu yetu wenyewe

Rafiki yangu niliyesoma naye kambini, mkoani Kigoma, alikwenda Marekani katika ule mpango ulioanza mwaka 2007 wa kuwapokea baadhi ya Warundi wa mwaka 1972. Mimi nilirudi nyumbani kushika chaki. Yeye huko huwinda kulungu na, kama wawindaji wengi wa nchi ile, hujaza risasi zake mwenyewe.

Alinieleza kwamba risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Ganda huokotwa likajazwa tena mara kadhaa. Fataki ikishalipuka imekwisha, na haitengenezwi nyumbani. Lazima inunuliwe, na viwanda vyake ni vya kuhesabu kwa vidole.

Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, ghasia za mitaani na uchaguzi. Mamilioni ya Wamarekani wakanunua bunduki kwa mara ya kwanza. Kampuni ya Remington, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa risasi, ikaomba kinga ya kufilisika Julai mwaka huo. Fataki 1,000 zilizokuwa zikiuzwa kwa dola 30 hadi 40 zikapita dola 100 mikononi mwa walanguzi. Viwanda vilivyobaki havikuacha kutengeneza, lakini aliyezoea kununua boksi moja sasa alitaka kumi, na aliyekuwa na kumi akazificha chini ya kitanda.

Ndugu msomaji, habari hii huijui? Badala ya fataki weka petroli. Mwaka 2024 watu wa Bujumbura walilala kwenye foleni, na wengine wakavuka hadi Uvira kutafuta lita chache. Chanzo kilijulikana: nchi haikuwa na fedha za kigeni za kutosha, na faranga yetu ilikwisha kushushwa thamani kwa kiasi kikubwa Mei 2023. Chanzo hicho si kosa la mama muuza ndizi wala la dereva wa teksi. Lakini juu yake tuliongeza la kwetu. Uvumi ukisema lori limefika, hata mwenye tangi lililojaa nusu alikimbilia foleni. Wengine walijaza madumu wakayaweka chumba kimoja na watoto wanaolala, wakisubiri bei ipande.

Sisemi serikali haina wajibu. Inao, na wa kwanza ni kusema ukweli: kiasi gani kimeingia, kinakwenda wapi, kingine kinatarajiwa lini. Asiyejua kesho ataletewa nini hawezi kulaumiwa akinunua ya mwezi mzima leo. Hofu huota pale taarifa inaponyimwa.

Lakini nasi tuna la kujifunza kwa wale wawindaji. Kwanza, maduka mengi ya huko yaliweka kikomo, boksi moja kwa mtu, na waliochelewa nao wakapata. Pili, ada ya kusafirisha bidhaa hatari ni ile ile ukiagiza kidogo au kingi, kwa hiyo walichanga, wakaagiza pamoja na kugawana. Akina mama wa mpakani wanaokodi gari moja kwa mizigo ya watu sita wanaijua hesabu hiyo kuliko mimi mwalimu. Tatu, waliokuwa na haraka walitapeliwa na wauzaji wa mtandaoni wasio na duka wala bidhaa. Huku kwetu mwenye haraka huuziwa petroli iliyochanganywa, injini ikafa, naye akapoteza mara mbili.

Sisi tuliokaa kambini tulipanga foleni ya mgao kwa miaka. Tulijua kwamba kaya moja ikichukua sehemu mbili, kuna kaya italala njaa, na tulimjua kwa sura mtoto wa kaya hiyo. Mgao ulikuwa mdogo, lakini ulipohesabiwa mbele ya wote, hatukupigana.

Mfanyabiashara apate faida yake, kwani kuvuka mpaka ni kazi na gharama. Ila kuna tofauti kati ya anayeleta bidhaa na anayeificha. Wa kwanza anapunguza uhaba, wa pili anautengeneza. Uhaba mwingine ukija, na utakuja, kila mmoja wetu ajiulize yumo upande gani kabla ya kumlaumu jirani.