Viporo vya cherehani si uvivu, kagua kapu kabla ya kujilaumu

Kama nyumbani kwako kuna kapu, ndoo au sanduku la chini ya kitanda lenye vitambaa ulivyoanza kushona na hukuvimaliza, makala ya leo ni yako. Namzungumzia mama mwenye foronya iliyodariziwa ua moja kati ya manne, kitambaa cha kochi kilichofumwa nusu, sketi ya shule ya binti ambaye sasa haimtoshi tena, na blanketi la viraka ambalo vipande vyake vimekusanywa tangu mwaka juzi. Watu wa mpira wana neno zuri la mechi zilizoahirishwa, huziita viporo. Nami nitaviita hivyo hivyo.

Jambo hili lilinijia baada ya kukutana na mama mmoja wa Mabira. Mabira ninayoisema si ule msitu wa Uganda. Ni kata ya Wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, ambayo kabla ya Kyerwa kuwa wilaya mwaka 2012 tuliijua kama Mabira ya Karagwe. Mama huyu ana miaka 46. Siku hiyo alikuwa amemleta mama mkwe wake kupima presha, na wakati wanasubiri alikuwa na foronya mapajani, sindano mkononi, lakini hashoni. Nilipomtania kuwa maua hayo yatakauka kabla hayajachanua, hakucheka.

“Daktari, mimi siku hizi nimekuwa mvivu,” aliniambia. “Naanza kitu, simalizi. Kapu limejaa. Nikiliona naona aibu.”

Nikamwomba atunge uzi kwenye sindano mbele yangu. Akailamba ncha ya uzi, akainua sindano, kisha akaanza kuisogeza mbali na uso, mbali zaidi, mpaka mkono ukanyooka wote. Hapo tena mkono ukawa umekwisha na tundu bado halionekani. Akajaribu mara tatu, akamwita mtoto aliyekuwa karibu amsaidie. Nyumbani, alisema, wanaomtungia uzi ni wanawe, na wakiwa shuleni kazi inalala.

Huyo si mvivu. Huyo anahitaji miwani ya kusomea.

Ndani ya jicho kuna lenzi ambayo ujanani ni laini na hubadilika umbo kila tunapoangalia kitu cha karibu. Kadiri umri unavyosonga lenzi hiyo hukakamaa, na kuanzia miaka 40 hivi mtu huanza kuona vizuri mgomba ulio ng’ambo ya bonde huku akishindwa kusoma maandishi ya chupa ya dawa aliyoshika mkononi. Hali hii itampata kila mmoja wetu akijaliwa umri. Utafiti uliofanyika vijijini wilayani Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta watu 6 kati ya 10 wenye miaka 40 na zaidi wana tatizo hili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kuwa duniani kote watu milioni 826 wanaishi nalo bila kusaidiwa, ilhali dawa yake ni miwani ya kawaida kabisa.

Na usidhani ni suala la kusoma gazeti tu. Nchini Bangladesh watafiti waliwachukua wanavijiji wenye miaka 35 hadi 65 ambao kazi zao zinahitaji kuona karibu, wakiwamo mafundi cherehani, nusu wakapewa miwani ya kusomea na nusu wakasubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Baada ya miezi minane kipato cha waliopewa miwani kilikuwa juu kwa takriban theluthi moja kuliko cha waliosubiri. Mikono ilikuwa ile ile na ujuzi ule ule.

Kuna imani kwamba ukianza kuvaa miwani mapema macho “yatazoea” na kuharibika haraka. Si kweli. Lenzi itaendelea kukakamaa uvae usivae, tofauti ni kwamba asiyevaa anateseka njiani. Ninachokuomba ni kwamba, kabla ya kununua ile inayotembezwa gulioni, pima macho kwanza mahali penye mtaalamu. Sababu si kukuongezea gharama. Presha ya macho huja bila maumivu na inapofusha taratibu, kisukari nacho huanza kuharibu macho kabla mgonjwa hajajua kuwa anacho, na siku ya kupimwa miwani ndiyo siku ambayo mengi ya haya hugunduliwa. Ukiona jicho jekundu linalouma, au uoni umepungua ghafla, usisubiri siku ya gulio wala ya kliniki. Wakati unangoja kupata miwani, hamishia kazi mchana, kaa mlangoni au barazani mwanga ukitokea ubavuni, na usidarizi usiku kwa koroboi.

Nimekaa sana kwenye macho kwa sababu ndiyo sababu ninayoikuta mara nyingi. Lakini kapu linaweza kusema mengine. Wapo wanaoacha kufuma kwa sababu vidole vinakufa ganzi, hasa gumba, cha shahada na cha kati, na usiku wanaamka wakikung’uta mkono. Huo ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Wajawazito huupata sana, na wenye kisukari pia. Pumzisha mkono na uende ukaonane na mtabibu. Wapo ambao wanachoka kabla sindano haijazunguka pindo moja, wanahema wakipanda mlima mdogo, na shida yao ni upungufu wa damu. Kipimo chake ni tone moja la damu.

Na wapo ambao macho yanaona, mikono ni mizima, muda upo, lakini hamu imetoweka. Kitu kilichokuwa kikiwapa raha sasa ni mzigo kama mizigo mingine. Ikiwa hali hiyo imedumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, pamoja na usingizi kuvurugika, kukosa hamu ya chakula au kujiona hufai, usijiambie ni uvivu na usikubali mtu mwingine akuambie hivyo. Hizo ni dalili za sonona, nayo inatibika. Waume na watoto wakubwa, nanyi someni hapa. Mama akiacha ghafla kazi ya mikono aliyoipenda miaka yote, muulizeni habari zake kwa upole kabla ya kumuuliza sketi itakwisha lini.

Baada ya kusema hayo yote, nataka kuwatetea viporo. Yule mama aliporudi wiki mbili baadaye alikuja na kapu lake zima, tukalimwaga kwenye mkeka. Viporo kumi na kimoja. Kati ya hivyo, vilivyozuiwa na macho vilikuwa vinne tu. Vingine sita havikuwa na ugonjwa wowote. Kimoja aliacha msimu wa kahawa ulipoingia, na kahawa ikiiva haimsubiri mtu amalize pindo. Kimoja aliacha mvua ziliponyesha na maharage yakataka kupandwa. Kimoja, na hiki kilinifurahisha, aliacha jioni moja ya senene. Nyinyi wa Kagera mnaelewa. Senene wakishuka, hakuna mtu mwenye akili timamu anayebaki ndani anashona.

Tumelelewa na methali kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni methali nzuri kwa mtu anayetumia dawa za kifua kikuu, maana dozi ile lazima imalizwe miezi yote iliyoandikwa hata kama kikohozi kimekwisha. Ni nzuri kwa chanjo za mtoto, ambaye akipata ya wiki ya 6 lazima arudishwe wiki ya 10 na ya 14. Lakini nadhani tunaitumia vibaya tunapoipeleka kwenye kitambaa cha kochi. Kitambaa cha kochi hakina usugu wa dawa. Kikikaa mwaka mzima kapuni hakuna aliyedhurika, na jioni uliyokaa na watoto mkichambua senene huku mkicheka haikupotea bure. Nimewaona akina mama wakikesha kumaliza kazi ambayo hakuna aliyewatuma, asubuhi wana maumivu ya mgongo na hasira kwa watoto. Hapo kushona kumegeuka adhabu.

Kwa hiyo tulipanga viporo vyake kwa kuuliza swali moja kwa kila kimoja, nini kilikizuia? Vinne vya macho vikawekwa pamoja, visubiri miwani. Sketi ya shule, ambayo mwenyewe ameshaikua, ikaenda kwa binti wa jirani, na jirani ataipiga pindo mwenyewe. Kitambaa cha kochi alichokiri kuwa hakukipenda tangu mwanzo, alikianza kwa sababu wenzake wote kikundini walikuwa wanafuma kile kile, tukakifumua pale pale na uzi ukarudi kwenye donge. Usione uchungu kufumua. Vingine vikawekwa kila kimoja kwenye mfuko wake pamoja na uzi wake na sindano yake, ili siku akipata nusu saa asiitumie yote kutafuta uzi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo ilibidi tutumie ya kitambaa, na mifuko yenyewe ikabidi ishonwe. Alicheka akasema, “Daktari umeniongezea kiporo.”

Blanketi la viraka nilimshauri alitoe kapuni kabisa na alitembeze. Uzuri wa viraka ni kwamba kila kipande ni kazi ndogo yenye mwisho wake. Vipande viwili na sindano vinaingia kwenye mkoba, unaviunganisha kwenye benchi la kliniki au ukimuuguza ndugu wodini, ukirudi nyumbani kuna kitu kimekamilika hata kama blanketi lenyewe bado.

Wazazi wenye watoto wadogo, hapa naomba niwe mkali. Kapu la wazi sakafuni ni hatari. Mtoto anayetambaa huweka kila kitu mdomoni, na kifungo kidogo kinatosha kuziba njia ya hewa. Sindano, pini na vifungo viwe kwenye kopo lenye mfuniko, juu asikofika. Hesabu sindano unapoanza na unapomaliza, kama wauguzi wanavyofanya chumba cha upasuaji. Mtoto akikanyaga sindano na ikakatikia mguuni, usiichokonoe kwa sindano nyingine, mpeleke kituo cha afya pamoja na kadi yake ili waangalie chanjo ya pepopunda. Akimeza sindano au pini usimlazimishe kutapika wala usimpe ugali ili “aisukume.” Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Kiporo cha kumi na moja kilikuwa chini kabisa, kimefungwa kwenye khanga. Sweta la mtoto mchanga, rangi ya maziwa, lenye mkono mmoja. Mabira kuna baridi asubuhi, na mama alianza kulifuma akiwa na mimba ya miezi sita. Mwezi wa saba mtoto alifariki tumboni. Ni miaka saba sasa. Hajalifumua, hajalimaliza, hajamgawia mtu, na kila anapolifikia kapu mkono wake huruka pale.

Sikumwambia alimalize. Sikumwambia aliondoe pia. Nilimuuliza jina ambalo wangempa mtoto, akanitajia. Alisema ni mara ya kwanza kulitamka mbele ya mtu asiye mume wake. Tukakaa pale muda mrefu, mama mkwe naye akawa amesogea karibu, na yeye ndiye aliyeanza kulia.

Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na familia nyingi za huko zinajua kubaki na nguo za mtu aliyekwenda. Miaka minne baadaye huko San Francisco, Marekani, watu waliofiwa kwa ugonjwa huo huo walianza kushona viraka vya futi 3 kwa 6, kila kimoja kwa ajili ya marehemu, wakaviunganisha kuwa blanketi moja. Oktoba 11, 1987 lilipotandazwa Washington lilikuwa na viraka 1,920. Leo ni karibu 50,000 na bado vinaongezwa. Nilimsimulia habari hiyo kwa sababu aliniuliza kama ni vibaya kuweka kitu kisichoisha ndani ya nyumba.

Kama nawe una sweta la namna hiyo, si lazima uliguse unapopanga kapu. Lakini kama kuliona kunakufanya ushindwe kulala au kula, au unajiona ni wewe uliyesababisha, mwambie muuguzi wa kliniki ya wajawazito, hata kama imepita miaka. Na kama una mimba nyingine sasa, mweleze ile ya kwanza ilivyokwenda, tarehe na miezi, kwa sababu itabadilisha jinsi watakavyokufuatilia.

Miwani aliipata mwezi uliofuata. Foronya sasa ina maua matatu. La nne, anasema, atalidarizi kahawa ikishaanikwa. Sweta alilitia kwenye mfuko wake peke yake, likiwa na mkono ule ule mmoja, akalirudisha kwenye sanduku pamoja na khanga.