Selfi Kwanza, Sanaa Baadaye? Mimi Sioni Shida

Wasee, kuna hii kauli inanichosha: "Vijana huenda makumbusho kupiga selfi tu, sanaa hawaijui." Husemwa sana kuhusu MAC, jumba la sanaa ya kisasa la Niterói, Brazil, ng'ambo tu ya ghuba ukitoka Rio de Janeiro. Mimi nakataa.

Kwanza, jengo lenyewe ni sanaa. Oscar Niemeyer, yule msanifu aliyechora majumba makubwa ya Brasília, alilichora likakaa kama sahani ya wageni wa angani imetua juu ya mwamba. Lilipofunguliwa 1996, mzee alikuwa na miaka 88. Eti 88! Sahani ina upana wa kama mita 50, na yote imesimama kwa mguu mmoja katikati ya dimbwi la maji. Sasa ukipiga picha hapo, si umepiga picha ya kazi ya sanaa? Kosa liko wapi?

Pili, uwanja wa nje ni wa kila mtu. Mwenye tiketi na asiye na kitu mfukoni wanasimama pamoja, wote wanauangalia mlima wa Pão de Açúcar ng'ambo ya maji. Watu wengi huogopa makumbusho kwa sababu mlangoni tu unahisi unapimwa kwa viatu vyako. Lakini mtu akishazoea uwanja, mlango haumtishi tena.

Ila tusidanganyane. Ukiishia nje, umenusa pilau ukaenda bila kula. Panda ile njia nyekundu inayojizungusha hadi juu, uingie. Huko ndiko uliko mkusanyo wa João Sattamini, zaidi ya kazi 1,000 za sanaa, ingawa hazionyeshwi zote kwa mara moja. Zingine hutazielewa, na ni sawa tu. Chagua moja, weka simu mfukoni, simama dakika 5, ujiulize inakufanyia nini. Ukichoka, madirisha yamezunguka, bahari yote ni yako.

Kwa hivyo nyinyi wajuaji wa sanaa, mkiona msee anapozi na simu hapo nje, msimcheke. Ameshafika. Mwonyesheni tu njia ya kupanda.