Karmann: Ufundi wake, oda za wengine

MAKUBALIANO yaliyofikiwa Desemba 2024 kati ya Volkswagen na chama cha wafanyakazi cha IG Metall yalieleza kuwa kiwanda cha Osnabrück, Ujerumani, kitaendelea kuunda gari la T-Roc la paa la kukunja hadi 2027. Baada ya hapo kitatafutiwa kazi nyingine. Kwa wafanyakazi wa mji huo, kauli ya namna hiyo si ngeni.

Kiwanda hicho zamani kilikuwa mali ya familia ya Karmann. Mwaka 1901 Wilhelm Karmann alinunua karakana ya Klages, iliyokuwa ikitengeneza magari ya kukokotwa na farasi tangu 1874. Muda si mrefu akahamia kwenye bodi za magari ya injini. Wenye viwanda vya magari walileta oda, yeye akaunda bodi.

Neema kubwa ilikuja 1949, Volkswagen ilipompa oda ya Beetle 1,000 za paa la kukunja. Kazi hiyo ilidumu hadi 1980, na magari yakazidi 330,000. Mwaka 1955 likaja Karmann Ghia, gari zuri hasa: mchoro wa Ghia ya Turin, mitambo ya Volkswagen, bodi ya Karmann. Lakini hata hilo lenye jina lake liliuzwa na mawakala wa Volkswagen.

Hapo ndipo penye tatizo. Sisi wachumi wa kilimo hatuhitaji kuelezwa sana. Mkulima wa miwa mwenye kinu kimoja jirani anaweza kuwa na shamba safi kuliko wote, lakini siku ya kukata na bei ya tani haviamui yeye. Akiongeza trekta kwa mkopo, deni ni lake, uamuzi wa kununua ni wa kinu.

Karmann ilikuwa na wanunuzi kadhaa, tena wakubwa. Hata hivyo wote waligeuka karibu wakati mmoja, kwa kuwa viwanda vyao vilikuwa vimejifunza kuunda magari ya paa la kukunja pamoja na yale ya kawaida. Volkswagen ilipeleka Eos Ureno mwaka 2006. Audi A5 ya aina hiyo ikaundwa Neckarsulm. Mercedes CLK ya Karmann ilipokoma 2009, mrithi wake akaundwa Bremen.

Aprili 2009 Karmann ikaomba kufilisiwa. Wengi walilaumu mtikisiko wa uchumi wa dunia. Naona ulichangia, lakini ulimkuta mgonjwa yuko kitandani tayari.

Mwishoni mwa mwaka huo Volkswagen ilichukua kiwanda, na mwaka 2011 Golf ya paa la kukunja ikaanza kutoka pale. Wengi waliona hatari imepita, kwa kuwa sasa mteja ndiye mwenye mali. Lakini kiwanda kilibaki kinafanya kazi ileile ya magari machache ya aina ya pekee, na uamuzi wa oda ukabaki Wolfsburg.