Kompyuta ya Ubaoni

Sisi watu wa Ngumbo hatungoji mtoto apate mtumbwi ndipo tumweleze habari za ziwa. Siku ya kwanza ya kwenda kuteka maji anaambiwa wapi pana mamba, na upepo ukibadilika arudi nyumbani. Maarifa hayo hayana gharama.

Iweje basi walimu waniambie kwamba usalama wa mtandaoni hauwezi kufundishwa mpaka kompyuta zije? Mtandao umekwisha fika, tena siku nyingi. Umo katika simu ya mjomba. M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, imo hata katika kitochi cha bibi.

Nimeyaona madaftari. Mwalimu amechora kompyuta ubaoni, watoto wamenakili: kipanya, kibodi, kiwambo. (Kipanya chenyewe kilifanana na kobe.) Mtoto mmoja wa darasa la tano, ambaye daftari lake lilijaa vema nyekundu tupu, ndiye anayemsomea bibi yake ujumbe wa simu. Akapiga mtu aliyejiita wa huduma kwa wateja, mtoto akamtajia namba ya siri. Fedha ya dagaa ya msimu mzima ikaenda. Mtoto akachapwa.

Wengine watanijibu kuwa ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ipo, lakini sheria humfuata mwizi akiisha iba.

Fimbo ile ndiyo inayonitia hofu kuliko fedha. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 na ECPAT, INTERPOL na UNICEF ulikuta kwamba asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 nchini wanatumia intaneti, na wamo walioombwa picha za miili yao. Mtoto aliyechapwa kwa kudanganywa atamwambia nani siku atakapoombwa picha ya namna hiyo? Atanyamaza, na mwovu anautegemea ukimya huo.

Nawataka walimu wakuu watenge vipindi viwili kila muhula, kwa chaki tu. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote. Picha haitumwi kwa mgeni. Namba ya tapeli hupelekwa 15040. Na mtoto akija kusema ameombwa, ameogopa, au hata amekwisha tuma, asikilizwe mpaka amalize, mlango ukiwa umefungwa na fimbo ikiwa kabatini.