Daktari Aliyekaa Kitako



Mwezi huu safu yetu inatoka kidogo katika mwendo wake wa kawaida. Tuliahidi kuandika juu ya kulipa saumu, na hayo tutayarejea inshaallah. Lakini tuna deni la shukrani lililotukaa kooni, na kila tukishika kalamu kuandika jambo jingine, hurudi palepale. Deni lenyewe ni la daktari mmoja wa uzazi katika mji tunaoishi hapa Uingereza, mama wa makamo, asiyekuwa Mwislamu wala asiyejua neno moja la Kiswahili. Jina lake hatulitaji kwa kuwa hatukumwomba ruhusa. Mkwe wetu, ambaye habari hii ni yake kabla ya kuwa yetu, ametupa idhini ya kuisimulia, na tumemsomea kila sentensi kabla ya kuipeleka kwa mhariri. Mahali pawili alitusahihisha.

Mkwe wetu, mke wa mwanetu, aliwasili kutoka Unguja mwaka 2022. Kiingereza chake siku hizo kilikuwa cha salamu na bei ya mkate. Alipochukua mimba mwaka uliofuata, mumewe alikuwa akifanya kazi za usiku na kulala mchana, hivyo sisi, mama mkwe, ndio tuliompeleka kliniki na sisi ndio tuliokuwa ulimi wake. Tuliiona kazi hiyo kuwa ni heshima. Miaka mingi ya kuishi huku ilikuwa imetuaminisha kwamba mwenye kujua lugha mbili basi anajua kutafsiri.

Sasa linakuja la kuungama. Siku ya kwanza mkunga aliuliza kama mkwe wetu amewahi kushika mimba nyingine. Binti wa watu alitutazama, nasi tukajibu kabla hajafungua kinywa: hii ndiyo ya kwanza. Haikuwa ya kwanza. Alipokuwa bado Unguja akisubiri viza ya kumfuata mumewe, alipoteza mtoto, mimba ikiwa ya miezi saba, baada ya kuanguka kwa kifafa cha mimba. Katika familia jambo hilo lilikwisha kufunikwa. Wako waliosema ni mashetani, wako waliosema ni jicho la hasidi, na sote tuliafikiana kimyakimya kwamba kulitaja mbele ya mimba mpya ni kuita balaa nyumbani. Hatukudhani kwamba tunasema uongo. Tulidhani tunasitiri.

Wala mkunga hakuuliza swali lile kwa udadisi. Mwanamke aliyekwisha kupatwa na kifafa cha mimba yumo hatarini zaidi kurudiwa nacho. Huku, mwenye historia hiyo hushauriwa kutumia aspirini ya kiasi kidogo, miligramu 75 hadi 150 kwa siku, kuanzia wiki ya 12 ya mimba, kwa sababu imethibitika kwamba hupunguza uwezekano wa ugonjwa huo. (Msijinunulie wenyewe dukani; ni dawa ya kuamuliwa na daktari au mkunga.) Mkwe wetu hakupewa, kwani kwa mujibu wa karatasi hakuwa na historia yoyote. Nayo karatasi ile ilijazwa kwa maneno yetu.

Ikafika Ramadhani ya mwaka 2024, iliyoanza huku tarehe 11 Machi. Tulimwambia mkwe wetu kwamba ana ruhusa ya kula, naye akaitikia. Chakula cha mchana tulimwachia jikoni, na jioni tulikuta sahani imeoshwa. Kumbe alikuwa akikificha hadi magharibi. Alikuwa amejisadikisha kwamba yule mtoto wa kwanza alichukuliwa kwa sababu ya siku alizokula Ramadhani ya mwaka ule, na safari hii hakutaka kuwa na deni hata la siku moja. Haya hatukuyajua. Tuliona tu uso wake umejaa, na pete haiingii kidoleni, tukasema ni chumvi ya futari.

Katika wiki ya tatu ya mfungo, mimba ikiwa ya wiki 31, mkunga alimpima presha akakuta 164 kwa 110. Ikifika 140 kwa 90 katika mimba tayari ni ya kuangaliwa. Ikifika 160 kwa 110 ni ya kukimbiliwa. Mkojo nao ulikuwa na protini. Tukapelekwa hospitali mchana uleule.

Daktari wa kwanza kutujia alikuwa kijana mwenye haraka. Alisimama mlangoni, faili mkononi, akauliza kama mgonjwa anaumwa na kichwa. Mkwe wetu alizungumza kwa muda, mikono yake ikionyesha macho, kisha ubavu. Nasi tukatafsiri: kidogo tu, ni uchovu. Tulifanya hivyo kwa nini? Tumejiuliza mara nyingi. Tuliona haya kuonekana watu wa kulalamika, na tuliogopa pia, na mtu mwenye hofu hupenda jibu fupi.

Nyuma ya kijana yule alikuwa amesimama yule mama. Aliingia, akavuta kiti, akakaa kitako ubavuni mwa kitanda, hata macho yake yakawa chini ya macho ya mgonjwa. Akatuambia kwa upole kwamba mgonjwa amesema maneno mengi na yeye amefikiwa na machache. Akamwomba muuguzi apige simu ya mkalimani. Akaongeza kwamba yeye anatuhitaji sisi tukae hapo kama mama, kwa kuwa kazi ya kutafsiri wapo wanaolipwa kwa ajili yake, lakini mama hawezi kuagizwa kwa simu.

Tukisema tulifurahi tutakuwa tumewadanganya. Tulichukizwa. Tuliona tumevuliwa cheo mbele ya mkwe.

Sauti ya mkalimani ilitoka katika simu iliyowekwa juu ya shuka, sauti ya mwanamke mwenye lafudhi ya Mombasa. Daktari alimwuliza mkwe wetu kama angependa tutoke nje. Alijibu, “Mama abaki.” Ndipo tukasikia. Tukasikia kwamba kichwa kinampasuka tangu siku nne, kwamba anaona vimulimuli mbele ya macho, na kwamba chini ya mbavu za kulia pana maumivu yasiyompa usingizi. Tukasikia kwamba amefunga, na hata wakati ule alikuwa hajala tangu daku. Mwisho, kwa sauti ndogo mno hata mkalimani akamwomba arudie, tukasikia habari ya mtoto wa Unguja ikisemwa kwa mara ya kwanza nchini humu.

Daktari yule alikuwa na kila haki ya kugeuka na kututazama. Karatasi ilisema “mimba ya kwanza”, na aliyeisemesha hivyo alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake. Hakugeuka. Aliuliza swali moja tu kuhusu habari ile: mtoto yule aliitwa nani?

Sisi wenyewe hatukuwahi kuuliza. Mtoto alioshwa, akapewa jina, akazikwa, na jina likazikwa naye. Mkwe wetu alilitamka, akalitamka herufi kwa herufi kwa kupitia simu, na daktari akaliandika katika faili. Hapa hatuliandiki, ni la mama yake. Lakini tangu siku ile linatajwa nyumbani kwetu.

Kuhusu saumu pia hakuamrisha, ingawa haraka ilikuwapo. Aliuliza dini yetu inasemaje kuhusu mgonjwa. Hapo mkwe wetu alitugeukia sisi, nasi tukajibu lile ambalo kila mtoto wa madrasa analijua, kwamba katika Sura ya al-Baqara mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula na kuhesabu siku nyingine, na kwamba wanavyuoni wamempa ruhusa mjamzito anayehofia nafsi yake au mwanawe. Tulimwambia pia, kwa Kiswahili, kwamba yule mtoto wa kwanza hakuchukuliwa kwa kosa lake. Alilia kidogo. Kisha akaomba maji. Ilikuwa bado saa mbili na zaidi kabla ya magharibi.

Mambo ya usiku ule tutayapitia kwa ufupi. Alipewa dawa za kuteremsha presha, na katika mshipa akawekewa magnesiamu salfeti, ambayo ni kinga ya kifafa chenyewe. Dawa hiyo ni ya zamani na si ya ghali. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba hupunguza hatari ya kifafa kwa takriban nusu. Alidungwa pia sindano za kuyakomaza mapafu ya mtoto, elimu ambayo dunia iliipata kwa madaktari wawili wa New Zealand, Liggins na Howie, mwaka 1972. Daktari alieleza kila moja kabla ya kuitoa, tena kwa mkalimani, na hakuficha kwamba dawa zote hizo ni za kununua muda tu. Ugonjwa huu hauanzi kuondoka mpaka mtoto na kondo la nyuma vitoke tumboni.

Muda ulionunuliwa ulikuwa siku sita. Katika siku hizo daktari alipita kila asubuhi, na kila asubuhi alivuta kiti kilekile. Tulimchungulia saa: dakika tano, mara nyingine saba. Hakukaa zaidi ya wenzake waliosimama. Ila aliyekaa huonekana ana wakati, na mgonjwa huthubutu kusema.

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji, njiti wa wiki 32, mvulana, gramu 1,610. Baba yake alimwadhinia kupitia kidirisha cha kisanduku cha joto, mikono ameiosha mara mbili, na wauguzi wakapunguza sauti zao. Hilo nalo daktari alikwisha kuliagiza. Alituuliza siku mbili kabla kama kuna jambo ambalo familia hulifanya mtoto anapozaliwa, akaliandika pale alipoandika lile jina.

Tunajua, ndugu wasomaji, kwamba wapo miongoni mwenu waliokutana na madaktari wa namna nyingine, wale wa kusimama mlangoni. Tumekutana nao sisi pia, na katika baraza zetu masimulizi yao ndiyo yanayokaa muda mrefu zaidi. Hatuwakanushi. Lakini huyu mmoja asingeweza kumtibu mkwe wetu kama angeridhika na tafsiri yetu, na tafsiri yetu haikuharibiwa na mgeni yeyote. Mponyaji ni Mwenyezi Mungu, na katika sababu zake alituletea mtu aliyesikia kwamba maneno yamepungua njiani.

Basi mnapopewa miadi ya kliniki, semeni mapema kwamba mnahitaji mkalimani wa Kiswahili. Mgonjwa wa NHS halipi kitu kwa huduma hiyo, na hana sababu ya kuona haya. Na mjamzito akilalamika kwa kichwa kisichotulia, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, au kuvimba ghafla uso na mikono, msingoje futari wala asubuhi. Pigieni simu wodi ya wazazi saa hiyohiyo.

Siku ya kutoka hospitali tulipeleka halua ya Unguja na kadi. Halua daktari aliigawa wodini pote, mwenyewe akabakiwa na kipande kimoja. Shukrani zenyewe zilikuja baadaye, mtoto alipotimiza miezi mitatu na akiki yake imekwisha kufanywa. Mkwe wetu, ambaye sasa huenda darasa la Kiingereza mara mbili kwa wiki, alisema barua ya daktari ataiandika mwenyewe. Ilimchukua jioni nne. Aliketi mezani na kamusi, mtoto mapajani, nasi tukiwa jikoni tukijizuia. Mara moja tu alituita, akauliza “kitako” kwa Kiingereza husemwaje. Tulimwambia hatuna hakika. Akafikiri, akaandika jambo jingine, akaifunga bahasha bila ya kutuonyesha.

Wassalaam.