Nganya Ina Jina, Aliyeichora Hana

Wasee wa Ruiru na Thika, hii ni yetu, na leo sibembelezi mtu.

Nganya mpya ikitoka gereji, kabla ifike steji ya Ruiru tayari inajulikana. Tunajua jina lake, dere wake, makanga wake, hadi idadi ya spika. Nyingi zimeandikwa Isuzu hapo mbele kwa herufi kubwa. Jina la sacco nalo liko kwa bodi. Sasa niambie: nani alichora ile sura iko ubavuni? Kimya.

Kuna wasee hudhani ni stika tu. Wapi! Gari huanza kama chasisi na injini. Fundi anaunda bodi ya chuma, anapaka puti, anapiga msasa mpaka mkono uteleze juu yake. Halafu mchoraji anaingia na spre, anajenga uso tabaka kwa tabaka, juu ya bati lililokunjwa, kukatiza dirisha, kuvuka mlango unaofunguka. Akikosea jicho, Thika Road yote itacheka. Hiyo si kibarua cha kupaka ukuta. Hiyo ni sanaa.

Najua mtaniambia, "Lakini buda, mwaka ujao itapigwa rangi ingine, kwani iko nini?" Sawa. Huko Sapporo, Japani, mwaka 1950 wanafunzi wa sekondari walijenga sanamu sita za theluji kwa bustani ya Odori. Leo ni tamasha kubwa la kila mwaka, na tangu 1974 kuna mashindano ya kimataifa, timu zinatoka nchi mbalimbali. Kule Harbin, China, mafundi huchonga majumba mazima kwa vipande vya barafu vilivyokatwa kutoka mto Songhua. Jua likiwaka, yote ni maji. Hakuna anayesema basi wachongaji si wasanii. Kitu kuisha haraka ndiyo sababu ya kuandika jina la aliyekitengeneza, kwa sababu baadaye hutapata pa kuuliza.

Na hawa wetu wamepitia mengi. Mwaka 2004 sheria za Michuki zilileta mstari wa manjano, na michoro ikafutwa. Ilikuwa 2014 ndipo Rais Uhuru Kenyatta akatetea vijana wanaochora matatu. Miaka kumi hivi. Mwenye gari aliendelea kubeba abiria na kuokota nauli. Aliyekosa kazi ni mwenye brashi.

Sasa wenye makosa. Wa kwanza ni sisi ma-content creator. Unaweka klipu ya nganya mpya, inatazamwa mara laki moja, unapata matangazo, na kwa kapsheni umetagi gari, dere na kampuni ya spika. Mchoraji? "Kazi safi, moto sana." Moto gani usio na jina? Huo ni ubahili, usiuite kusapoti sanaa.

Wa pili ni wenye magari. Wanalipa mara moja, tena kwa kubargain kama wananunua nyanya sokoni Makongeni, halafu wanasema mchoro ni wao kila kitu. Gari ni lako, sawa. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa msanii haki ya kudai kwamba kazi ni yake, hata akishaiuza. Si hisani yako hiyo.

Kuna wachoraji wachache husaini karibu na bampa. Nataka iwe kawaida: nafasi ya ukubwa wa kiganja, jina na namba ya simu, kwa kila nganya. Mwenye gari akikataa, mchoraji aongeze bei. Na wewe abiria, kabla upige selfi leo jioni, uliza makanga: "Nani alichora hii?" Asipojua, mwambie aulize bosi wake. Kesho uliza tena.